Nyonga Iliyolegea Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Kiungo Bandia Kilichoshindwa Baada ya Upasuaji wa Marudio

Mgonjwa na historia yake

Bi. M. ni mstaafu mwenye umri wa miaka 60 na ushei, mkazi wa mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki, na ana kisukari ambacho kwa miaka mingi alikitibu kwa vidonge. Jina lake, mji wake na hospitali zilizomhudumia vimeondolewa, baadhi ya tarehe zimebadilishwa, na yeye mwenyewe ameridhia kisa chake kitumike kufundishia.

Nyonga yake ya kulia iliharibika baada ya kichwa cha fupa la paja kufa kwa kukosa damu. Familia ilichangishana, akapelekwa India, na huko akawekewa kiungo bandia kisichotumia saruji: shina la titaniamu lililopigiliwa ndani ya fupa la paja, kikombe cha chuma kilichoshikizwa kwenye fupanyonga kwa skrubu mbili, na bitana ya polietilini, plastiki ngumu, ndani ya kikombe hicho. Barua aliyorudi nayo ilisema upasuaji ulikwenda salama. Haikusema kwamba kidonda kilivuja majimaji kwa siku zipatazo 12, wala kwamba alipewa vidonge vya antibiotiki hadi kikakauka. Hayo tuliyapata miaka mitano baadaye kutoka kwa binti yake, aliyekuwa amefuatana naye na ndiye aliyekuwa akimbadilishia bandeji.

Alitembea, akarudi kwenye shughuli zake, lakini hakuacha kuwa na maumivu ya chini kwa chini kwenye kinena. Kufikia mwaka wa nne maumivu yakawa ya kila hatua, na picha ya eksirei ikaonyesha mstari mweusi kati ya chuma na mfupa kuzunguka kikombe na sehemu ya juu ya shina. Kiungo kilikuwa kimelegea.

Upasuaji wa marudio na miezi 11 iliyofuata

Hospitali iliyompokea wakati huo iliamua kwamba bitana imelika, na kwamba chembechembe za polietilini ndizo zilizosababisha mfupa kumomonyoka. Kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu za damu, ambayo hupanda mwili unapokuwa na uvimbe, ilikuwa milimita 58 kwa saa, nayo ikaelezwa kuwa ni ya uzee na kisukari. Kipimo cha CRP, protini ya damu ambayo nayo hupanda penye uvimbe au maambukizi, hakikufanyika, na maji ya kiungo hayakuvutwa. Siku nne kabla ya kulazwa, Bi. M. alikuwa amemaliza dozi ya siku saba ya antibiotiki aliyopewa kwenye zahanati kwa ajili ya maumivu ya mkojo.

Katika upasuaji huo wa marudio shina na kikombe vilibadilishwa vyote viwili. Kikombe kipya kilifungwa kwa skrubu nne, na shina jipya likawa refu kuliko la kwanza. Pamba moja ilipitishwa kwenye kidonda na kupelekwa maabara. Majibu yalitoka baada ya saa 48 yakisema hakuna kilichoota. Ripoti hiyo ya mistari miwili ndiyo iliyofunga mjadala wa maambukizi.

Miezi 11 baadaye shina jipya lilikuwa limezama milimita 14 ndani ya fupa la paja, skrubu mbili kati ya nne zilikuwa zimekatika, na kikombe kilikuwa kimepinduka. Mguu ulikuwa umefupika kiasi cha kuonekana kwa macho. Ndipo alipopewa rufaa kuja kwetu, barua ikiomba tumwekee shina refu zaidi.

Alipofika kwetu

Aliingia kliniki akiwa kwenye kiti cha magurudumu, bahasha ya picha zake ikiwa mapajani. Daktari kijana wa timu yetu alimwamkia, akaketi, na akamwuliza swali ambalo halimo popote katika kurasa za faili lake: je, tangu upasuaji wa kwanza, kuna kipindi chochote ambacho nyonga hiyo haikuuma kabisa?

"Mwanangu," alijibu, "tangu India sijalala usiku mmoja nikaisahau. Walipobadilisha, waliniambia nisubiri. Nimesubiri."

Kwa aliyezoea kazi hii, jibu hilo lina uzito mkubwa. Nyonga bandia inayolegea kwa sababu ya kulika huwa na miaka ya amani kwanza: mgonjwa hutembea bila kuikumbuka, kisha maumivu huanza na kukua. Nyonga ambayo haikupata kamwe siku ya amani inaashiria ama kwamba chuma hakikuwahi kushikana na mfupa, ama kwamba kuna bakteria walioingia tangu mwanzo. Ukiongeza kidonda kilichovuja siku 12, mizani inaelemea upande mmoja.

Hakuwa na homa. Kovu lilikuwa kavu, halina wekundu wala joto. Mmoja wetu alisema kwa haki kabisa kwamba nyonga hii haionekani kama nyonga yenye usaha, na hilo lilikuwa kweli, kwa sababu maambukizi ya aina tuliyoyashuku mara nyingi hayana usaha. Bakteria wa ngozi wanaofika juu ya chuma hujitengenezea utando mwembamba, hujificha humo, huzaana polepole, na mwili huwajibu kwa uvimbe mdogo wa kudumu ambao huula mfupa bila kelele. CRP ilikuwa miligramu 34 kwa lita, kasi ya kutuama kwa chembe ilikuwa milimita 72, na kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache iliyopita kilikuwa asilimia 9.1, yaani juu.

Maji ya kiungo

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa kutompa dawa yoyote. Tuligundua kwamba alikuwa akinywa tena antibiotiki alizonunua dukani, tukamwomba aziache kwa wiki mbili kamili kabla ya kuvuta maji ya kiungo. Familia haikuelewa mara moja kwa nini hospitali inayoshuku maambukizi inamnyima mgonjwa dawa. Tuliwaeleza kwamba antibiotiki zitawazimisha bakteria kiasi cha kutoota maabara, lakini hazitawaua walio ndani ya utando, kwa hiyo tutapoteza ushahidi bila kupata tiba.

Sindano ya kwanza haikutoa hata tone. Ingekuwa rahisi kuandika "kavu" kwenye faili na kuendelea, lakini sindano kavu haithibitishi chochote zaidi ya kwamba ncha haikufika penye maji. Tulirudia siku tatu baadaye kwa kuongozwa na picha ya eksirei ya moja kwa moja, na safari hii tulipata mililita 4 za maji mazito kidogo, yenye rangi kama maji ya kuoshea mchele yaliyotiwa manjano. Hayakuwa usaha, na mtu asiyeyatilia shaka angeweza kuyamwaga. Maabara ilihesabu chembe nyeupe 6,200 kwa kila mikrolita, na asilimia 84 kati yake zilikuwa nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa vilivyochapishwa mwaka 2018, chembe zinazozidi 3,000 katika kiungo bandia cha muda mrefu ni dalili nzito. Siku ya tano sahani ya maabara ya kuoteshea vimelea ikaotesha Staphylococcus epidermidis.

Bakteria huyu huishi juu ya ngozi ya kila mmoja wetu, na sampuli moja inayomwotesha inaweza kuwa imechafuliwa tu. Vigezo hivyo hivyo vinataka aote katika sampuli mbili zilizochukuliwa mbalimbali ndipo tuseme kwa uhakika. Tulikuwa na shaka kubwa yenye ushahidi, bado hatujafika kwenye uthibitisho. Kipimo cha GeneXpert cha kifua kikuu kilikuwa hasi, na cha VVU pia. Kipimo cha kifua kikuu hakikuwa cha desturi tu, na sababu yake itaonekana tutakapofika kwenye dawa.

Kwa nini tulichagua hatua mbili

Kuosha kiungo na kuacha chuma mahali pake kunafaa pale maambukizi yanapokuwa ya wiki chache na chuma kikiwa kimeshika imara. Bi. M. hakuwa na sifa hata moja kati ya hizo. Njia ya pili ni kutoa kila kitu na kuweka kiungo kipya siku hiyo hiyo, mtindo ulioanzia Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1970, nao una matokeo mazuri kwa mgonjwa anayefaa: bakteria anajulikana, dawa zinamweza, na mfupa uliobaki unatosha. Kwake mfupa ulikuwa haba na sukari ilikuwa juu, nasi hatukuwa bado na orodha ya dawa zinazomweza bakteria huyo. Tulichagua kutoa kiungo kwanza, kuweka kishikilia nafasi, yaani kiungo cha muda cha saruji yenye dawa, kumtibu, na kurudi baadaye na kiungo kipya. Kabla ya hapo alihamishiwa kwenye insulini, na tulisubiri hadi sukari ya asubuhi ilipokaa chini ya milimoli 10 kwa lita kwa wiki nzima.

Upasuaji wa kwanza

Tulifungua fupa la paja kwa dirisha refu upande wa nje, kiasi cha sentimita 14, tukijiandaa kwa kazi ngumu ya kung'oa shina. Haikuhitajika kung'oa. Shina lilitoka kwa kuvutwa na mkono mmoja, likiwa limefunikwa utando wa kijivu unaoteleza kama bamia iliyopikwa. Hakuna mahali hata pamoja ambapo mfupa ulikuwa umelishika.

Sista wa chumba cha upasuaji alikuwa ametandika kitambaa cha pembeni na kupanga juu yake koleo sita na visu sita ambavyo havikuguswa kwa kazi nyingine yoyote. Kila kipande cha tishu kilichukuliwa mahali pake, kwa koleo lake na kisu chake, kikatiwa kwenye kichupa chake chenye jina la mahali kilipotoka: kuta za kiungo, nyuma ya kikombe, sehemu tatu za mfereji wa fupa la paja, na utando wenyewe. Dozi ya kinga ya antibiotiki tuliichelewesha hadi kichupa cha sita kilipofungwa. Wapo wataalamu wanaosema dozi hiyo moja haiharibu majibu, na huenda wana haki. Dozi ya siku saba inayoishia siku nne kabla ya upasuaji ni jambo jingine kabisa. Tuliomba maabara ikae na sahani kwa siku 14.

Tano kati ya sampuli sita ziliotesha bakteria yule yule, aliyekuwa sugu kwa methisilini, antibiotiki ya kundi la penisilini, na jamii yake lakini akishindwa na vankomaisini, rifampisini na levofloksasini. Hapo uthibitisho ulikamilika.

Kishikilia nafasi tulikitengeneza wenyewe mezani, kwa pakiti tatu za saruji ya mifupa zenye gentamaisini, kila moja ikiwa ya gramu 40. Tulichanganya gramu 3 za unga wa vankomaisini katika kila pakiti, kwa kuwa dawa hiyo huvumilia joto la saruji inapoganda, kisha tukaifinyanga juu ya msumari wa chuma kwa umbo la kichwa na shingo.

Miezi ya katikati

Alipata vankomaisini kwa mshipa kwa wiki mbili, figo zikipimwa kila baada ya siku tatu, kisha rifampisini pamoja na levofloksasini za kumeza kwa wiki nne. Rifampisini ndiyo dawa inayoaminika zaidi dhidi ya stafilokokasi, jamii ya bakteria huyu, walio ndani ya utando, lakini haipewi peke yake kamwe, kwani bakteria huizoea katika siku chache. Zaidi ya hapo, katika nchi zetu rifampisini ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, na levofloksasini ni dawa ya kifua kikuu sugu. Kumpa mgonjwa dawa hizo mbili huku ana kifua kikuu kisichogunduliwa ni kumtibu nusunusu na kumfundisha bakteria usugu. Kwa mgonjwa wa kisukari kuna hatari nyingine: rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge vingi vya kisukari, na levofloksasini inaweza kuishusha au kuipandisha sukari ghafla. Ndiyo maana tulimbakiza kwenye insulini kipindi chote hicho.

Wiki ya tatu kishikilia nafasi kilichomoka. Alikuwa akijisogeza kutoka kwenye kiti kifupi. Tulikirudisha chini ya nusukaputi, kikachomoka tena siku ya pili, na tukaamua kukiacha hivyo tukiamini kwamba upasuaji wa pili uko karibu.

Haukuwa karibu. Tulipanga wiki 12, ikawa miezi mitano. CRP ilishuka hadi 6 kufikia wiki ya 10 na sampuli mpya ya maji haikuotesha kitu kwa siku 14, kwa hiyo kilichotuchelewesha hakikuwa ugonjwa. Shina tulilohitaji lilipaswa kuagizwa nje pamoja na vipimo vyake kadhaa, muuzaji alitaka malipo ya awali, na familia ilikuwa imemaliza akiba yake kwenye hatua ya kwanza.

Upasuaji wa pili na matokeo

Chini ya eneo lililoharibika fupa la paja lilikuwa limebakiwa na sentimita 5 hivi za mfereji mzima, na shina lililochongoka lenye mbavu za titaniamu lilishika hapo. Mashina ya aina hii hupita sehemu ya juu iliyoliwa na kujikaza kwenye mfupa mgumu wa chini. Fupanyonga lilipokea kikombe kikubwa cha milimita 64 chenye skrubu tano, na ndani yake bitana ya mzunguko maradufu (kichwa huzunguka ndani ya bitana, na bitana nayo ndani ya kikombe), wazo la daktari wa upasuaji Gilles Bousquet wa Saint-Étienne, Ufaransa, katika miaka ya 1970, ambalo hupunguza hatari ya kuchomoka kwa mgonjwa ambaye misuli yake imechoka kwa kupasuliwa mara kwa mara.

Miezi 26 sasa imepita. Shina lilizama milimita 4 katika miezi mitatu ya mwanzo na halijasogea tena. CRP ni ya kawaida. Anatembea kwa mkongojo mmoja, anachechemea, na mguu wake ni mfupi kwa sentimita 2.5, kwa hiyo fundi viatu amempandishia soli. Anaswali akiwa kwenye kiti, na mwanawe amejenga choo cha kukaa badala ya kile cha kuchuchumaa. Alipoulizwa tena swali la kwanza, alisema kuna usiku anaisahau.

Uchambuzi

Hoja ya kulika kwa polietilini haikuwa ya kipuuzi. John Charnley, daktari Mwingereza aliyeasisi nyonga bandia ya kisasa, alianza na vikombe vya plastiki ya Teflon, vikalika upesi, mabaki yake yakawadhuru wagonjwa, naye akahamia polietilini mwaka 1962. Tangu hapo kila daktari wa mifupa amefundishwa kuogopa chembechembe. Lakini kulika kuna ratiba yake. Kiungo bandia cha nyonga kilichowekwa vizuri hutarajiwa kudumu miaka 15 na zaidi, na kinacholegea mwaka wa nne, kwa mtu ambaye hakupata siku bila maumivu, hakijafikia umri wa kulika. Upasuaji wa marudio ulibadilisha chuma na kuacha chanzo. Kile kilichoitwa kushindwa mara ya pili kilikuwa ni kushindwa kule kule kwa mara ya kwanza kukiendelea juu ya chuma kipya, na shina refu zaidi, kama barua ya rufaa ilivyoomba, lingeliwa mfupa wake vivyo hivyo.

Ripoti ya "hakuna kilichoota" inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyomgharimu Bi. M. mwaka mzima. Ilitokana na pamba badala ya tishu, na pamba hubeba vimelea wachache mno. Ilikuwa sampuli moja, ambayo hata ingeotesha isingethibitisha kitu. Ilichukuliwa siku chache baada ya dozi kamili ya antibiotiki, na sahani ilitupwa baada ya saa 48, ilhali bakteria wetu alionekana siku ya tano na wapo wengine, kama Cutibacterium acnes, wanaohitaji hadi siku 14. Kila kasoro peke yake ingeweza kuleta jibu la uongo. Zote nne zilikutana kwenye karatasi moja. Tunachosisitiza kwa wenzetu wa hospitali zenye maabara ndogo ni kwamba sehemu kubwa ya marekebisho haya haidai mashine. Koleo sita safi, vichupa sita, na mazungumzo na mtaalamu wa maabara kabla ya siku ya upasuaji vinapatikana karibu kila mahali.

Kumbukumbu nazo zilitukwamisha. Kila kipande cha kiungo bandia huja na stika zenye namba zake, na stika hizo hubandikwa kwenye faili. Za India hazikuwahi kufika, na za upasuaji wa marudio hazikuonekana. Kwa kuwa kichwa na shingo ya shina lazima vilingane kwa kipimo cha mtengenezaji, bila stika hatukuweza hata kufikiria kubakiza kipande chochote iwapo kingekuwa kizima. Sweden ilianza rejista yake ya nyonga mwaka 1979, na Malawi, nchi yenye uwezo mdogo kuliko wengi wetu, ilianzisha ya viungo bandia mwaka 2005, kwa hiyo umaskini pekee haututoshi kuwa udhuru. Siku hizi tunabandika stika kwenye faili, na nakala kwenye kadi anayoondoka nayo mgonjwa.

Kwa upande wetu, kusimamisha dawa na kurudia sindano kavu ndiyo maamuzi yaliyoleta tofauti. Kishikilia nafasi kilikuwa kosa letu: tulifinyanga kichwa kidogo mno kwa shimo lililopanuka, na tulipokiacha nje kwa miezi minne misuli ilijikunja, na sehemu kubwa ya ufupi wa mguu alionao leo imetoka hapo. Tungejua kwamba subira ingekuwa ndefu kiasi hicho, tungerudi kukibadilisha.

Na tungejua, laiti tungeuliza. Tulieleza kwa kina kwa nini upasuaji ni wa hatua mbili, tukataja gharama ya hatua ya kwanza, na hatukukaa na familia kuhesabu ya pili. Walidhani wamelipa yote. Mazungumzo yaliyopaswa kufanyika kliniki kabla ya kisu tuliyafanya wiki ya saba, kando ya kitanda, mama akiwa amegeukia ukutani na mwanawe ameshika risiti zote mkononi akituuliza ipi kati ya hizo ni ya nyonga mpya.